Nimemaliza visu vitatu ndani ya mwaka mmoja. Ninunue kipi kitakachodumu?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Pangani. Nafuga mbuzi, kwa wiki nachinja wawili au watatu, na siku nyingine natoka na babu baharini kuvua. Mwaka huu nimeshamaliza visu vitatu. Cha kwanza kilikatikia kwenye mpini. Cha pili alinifulia mhunzi kutokana na springi ya gari, kilikuwa kinapata kwelikweli lakini kutu imekila. Cha tatu nilinunua dukani, kimeandikwa 'Stainless', makali yake hayafiki mwisho wa mbuzi mmoja. Nimechoka na vitu rahisi. Mtandaoni nimeona kisu cha Damascus chenye mawimbi mawimbi, wanataka 150,000. Mimi nina 120,000, na binamu yangu aliye Muscat anaweza kuniletea cha nje. Ninunue chuma gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Hicho cha 150,000 kiache palepale mtandaoni, nitakirudia. Tuanze na marehemu wako watatu, maana kila kimoja kimekufa kwa ugonjwa wake, na usipoujua ugonjwa utazika na cha nne.

Cha kwanza sijakiona, lakini nimevishika vingi vya aina yake. Mpini mzuri wa mbao, umepigwa vanishi, na ndani yake chuma kimeingia urefu wa kidole gumba tu, chembamba kama msumari, kimeshikwa na gundi. Ulikuwa unatenganisha kiungo cha paja, kisu kikanasa, ukakizungusha ili kiachie. Kikalia "tak" pale bapa linapokutana na mpini. Nguvu yote ya mkono hukusanyika hapo, na kiwandani walipakata pembe mraba badala ya kupapinda. Pembe ya namna hiyo ndiyo ufa unapozaliwa. Siku moja ukiwa huna kazi, kitazame kisu chochote kilichokatika, utaona ufa umeanzia konani.

Watu watakwambia dawa yake ni kisu ambacho chuma chake kinapita mpini mzima hadi kwenye kitako, vipande viwili vya mbao vimekibana huku na huku kwa misumari ya shaba. Ni kweli kisu hicho hakikatiki kirahisi. Lakini kwa mtu wa baharini kina dhambi yake: baada ya miezi michache mbao hunywea, panabaki uwazi mdogo kati ya mbao na chuma, damu na maji ya chumvi vinaingia, na kutu inakula mahali ambapo jicho halifiki. Nimewahi kubandua mipini ya namna hiyo nikakuta chuma kilichobaki ndani ni nusu. Mtu kanunua kisu kwa sababu ya uimara wa mpini, na mpini ndio uliokiua.

Kwa hiyo sikuamuru ununue kisu cha chuma kizima. Visu vinavyotoka mji wa Mora, kule Sweden, karibu vyote chuma chake kimejificha ndani ya mpini na hakifiki mwisho, na wavuvi na maseremala wa huko wamevitumia vizazi na vizazi. Tofauti na chako ni kwamba chuma chao ni kipana, kimezama sehemu kubwa ya mpini, na plastiki imemiminwa ikakikumbatia pasipo uwazi. Dukani fanya hivi: shika bapa, gonga mpini mezani taratibu. Ukilia kama debe, rudisha. Kisha angalia chuma kinapoingia kwenye mpini. Ukiona kinapungua ghafla kikawa kama kijiti, rudisha pia.

Sasa kisu cha pili, na hapa unisamehe nikikawia kidogo.

Hicho ndicho kilikuwa kisu chako bora katika vyote vitatu. Springi za gari hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6, na kaboni ndiyo inayofanya chuma kikubali kuwa kigumu. Mafundi wa nje hununua aina hiyohiyo ikiwa mpya, wanaiita 5160, na hutengenezea mapanga na visu vikubwa vya bei. Mhunzi wako anaiokota gereji. Chuma ni kilekile, kinachobadilika ni moto.

Springi ikitoka kwenye gari haifai kuwa kisu jinsi ilivyo, maana ililainishwa ili inesenese isivunjike. Fundi mbaya ataikata kwa grenda, aipige msasa, akuuzie. Itakuwa na sura ya kisu na makali ya siku moja. Fundi mzuri huipasha mpaka iwe nyekundu iliyokolea na sumaku isiishike tena. Hiyo ni kama nyuzi 770 za Selsiasi, na mhunzi haihitaji namba hiyo, sumaku ya spika mbovu inamtosha. Anaongeza moto kidogo tu juu ya hapo, halafu anakizamisha kisu kwenye mafuta. Maji kwa springi ni hatari, chuma hupoa ghafla mno kikapasuka, ingawa sisi tumezoea kusema "kutia maji" hata pale anapotumia mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kama kigae, na kama kigae kitavunjika kikianguka sakafuni. Lazima kipashwe tena polepole, karibu nyuzi 200 kwa saa moja au mbili, mpaka chuma kilichosuguliwa kianze kuwa na rangi ya majani makavu. Ule ukavu wa kuvunjika unapungua, makali yanabaki.

Kama kilikuwa kinapata kama unavyosema, mhunzi wako anaijua kazi. Usimgombeze. Kutu si kosa lake, springi haina kromiamu ya kutosha kuizuia, na wewe umeichukua baharini.

Na je, kimekufa kweli? Kama kutu ni ya juu, isugue kwa sufi ya chuma na mafuta ya kupikia. Kama imechimba vishimo kwenye makali, mhunzi ataondoa milimita moja au mbili na kukitia makali mapya. Ukishakitumia kikaushe, kipake mafuta ya nazi membamba, na kisilale ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hutunza unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha huchangia kuozesha chuma. Kibakishe nchi kavu. Hicho ni kisu cha shamba, cha kukatia fito na kupasulia mbuzi, kisionje bahari tena.

Cha tatu ni kifupi kukieleza. Neno "stainless" halikwambii lolote kuhusu makali. Linasema chuma kina kromiamu, kuanzia kama asilimia 10.5 kwenda juu, ambayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba unaozuia kutu. Kijiko ni stainless. Sufuria ni stainless. Aina nyingi za vijiko na masufuria hazikubali kabisa kutiwa ugumu hata uzipashe mpaka kesho. Visu vya bei ya chini huwa afadhali kidogo kuliko kijiko, kaboni iko karibu na asilimia 0.3 au chini ya hapo, ukikata makali hayachakai, yanajikunja. Ndiyo maana ukikipitisha kidole kwa ubavu unasikia kama mdomo wa bati.

Dukani nenda na sumaku ndogo. Kwa visu vya bei ya kawaida, ikikataa kushika bapa, hicho ni kijiko chenye ncha. Ikishika, bado hujajua kama ni kizuri, umejua tu kwamba kinaweza kuwa kisu. Kipimo cha pili utakifanya nyumbani au kwa muuzaji asiye na kiburi: chukua kifimbo cha shaba ya manjano, hata skrubu nene, laza makali juu yake na ukandamize kidogo huku unatazama kwenye mwanga. Makali yatapinda kidogo. Yakirudi, chuma kimepikwa vizuri. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimeguka, ni kikavu mno.

Sasa majina ya chuma, maana najua ndiyo uliyoyasubiri.

Ugumu wa visu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C. Kwa mtu anayechinja, kuchuna na kupara samaki, na anayenoa mwenyewe kwa kinoo cha kawaida, namba nzuri ni 55 hadi 58. Visu vya jikoni vya Kijapani hufika 60 na kuendelea, ni vitamu kwenye nyanya, lakini ukigonga mfupa wa mbuzi utaokota vipande.

Chuma cha kwanza cha kutafuta ni 12C27, cha Sweden. Kina kaboni asilimia 0.6 na kromiamu kama 13.5. Ndicho kilichomo kwenye visu vingi vya Mora visivyoshika kutu. Cha pili ni kile ambacho Wajerumani hukipa namba 1.4116, utakikuta pia kimeandikwa X50CrMoV15. Lile 50 maana yake ni kaboni nusu asilimia, na 15 ni kromiamu. Victorinox wa Uswisi hukitumia kwenye visu vyao vya bucha. Ni laini kidogo kuliko cha Mora, utakinoa mara nyingi zaidi lakini dakika mbili tu zinatosha, na kinastahimili chumvi vizuri. Kwenye mabucha utaona wengi wana Victorinox ya mpini mweusi au Tramontina ya Brazil ya mpini mweupe, na si kwa ajili ya kujionyesha. Mchinjaji hanoi ili apumzike mwezi mzima, ananoa kati ya mnyama na mnyama.

Utaonyeshwa pia D2, hasa visu vya China vya bei ya kati. Kina kromiamu asilimia 12 hivi, muuzaji ataapa hakishiki kutu. Kinashika. Kaboni yake ni nyingi, asilimia 1.5, na sehemu kubwa ya ile kromiamu inafungwa na kaboni, haibaki huru kutengeneza utando. Dodoma kingekufaa. Pangani hapana.

Juu kabisa wapo wakubwa. MagnaCut, kilichobuniwa na Mmarekani Larrin Thomas na kuingia sokoni 2021, ni kigumu, hakivunjiki ovyo na kinaistahimili chumvi. Vipo pia vyuma vilivyotiwa naitrojeni mahali pa kaboni kubwa, kama LC200N, ambavyo kampuni ya Spyderco hutumia kwenye visu vyake vya baharini. Ni vyuma vya kweli, sivikashifu. Lakini visu vya MagnaCut aghalabu hupita dola 150, na vyuma vya kundi lake vingi hudai kinoo cha almasi, hivyo utanunua mara mbili. Na siku kikikuteleza mkononi mashua ikiwa mkondoni, utakumbuka bei yake kabla hakijagusa chini.

Turudi kwenye yale mawimbi. Kufua pamoja vyuma viwili vya aina tofauti, vikunjwe na kuunganishwa kwa moto na nyundo, kisha vizamishwe kwenye tindikali ili mistari ijitokeze, ni kazi ya fundi hasa, na kikitoka kwa fundi anayejulikana ni kisu cha heshima. Cha 150,000 kilichopigwa picha juu ya gome la mti, muuzaji hasemi ni vyuma gani wala kimepikwaje, ni bahati nasibu. Vingine mawimbi yake yamechorwa juu tu, ukikisugua kwa msasa yanatoka kama hina. Na hata kikiwa cha kweli, vyuma vinavyofuliwa hivyo kwa kawaida ni vya kaboni visivyozuia kutu. Ungelipa 150,000 kurudia msiba wa kisu cha pili.

Mpini. Mkono wako utakuwa na damu, mafuta ya samaki na maji, mara nyingine vyote pamoja. Kwa hiyo unataka plastiki ngumu yenye ngozi ya mpira, iwe na nundu mbele ya kidole cha shahada ili mkono usiteleze kwenda kwenye makali. Ile ya Victorinox inaitwa Fibrox, inakwaruza kidogo ikiwa kavu, ikilowa ndipo unapoielewa. Epuka mpini wa pembe uliong'arishwa, ni wa kuning'iniza ukutani. Mbao naipenda, mimi mwenyewe natia mipini ya mpingo, ni mzito kiasi cha kuzama majini na una mafuta yake ya asili. Lakini mpingo usiokauka vizuri hupasuka, na mpini wa mbao unadai noleo, yaani pete ya chuma, madhubuti pale chuma kinapoingia. Utie mpingo kisu cha nyumbani. Cha mashua kiwe plastiki, tena ya rangi ya kuonekana, nyekundu au chungwa, kwa sababu kisu cheusi kikiangukia kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashua utakitafuta kwa nyayo.

Bei sasa. Kisu cha Mora aina ya Companion kisichoshika kutu, bapa lake kama sentimita 10 na unene wa milimita 2.5, nje huuzwa kati ya dola 15 na 25. Kisu cha bucha cha Victorinox cha kutolea mifupa, bapa la sentimita 15, huwa juu ya hapo kidogo. Ukigeuza kwa shilingi, chochote kati ya hivyo kinaingia kwenye 120,000 yako na chenji inabaki. Kuanzia hapo kwenda dola 100 unalipia zaidi umaliziaji, ala na uzito. Ukivuka 100 unalipia chuma cha wakubwa niliowataja. Kukata nyama kwenyewe kumeshalipiwa kwenye dola 30 za mwanzo.

Kwa kazi yako mimi ningechukua Victorinox cha sentimita 15, kile chenye bapa gumu, si kile kinachonesa, maana kinachonesa kinafaa zaidi mnofu wa samaki. Kinafika kuchinja mbuzi kwa mkato safi, kinachuna, na kinatembea kando ya mfupa. Kama siku za bahari ni nyingi kuliko za mbuzi, chukua Mora, ni kifupi, hakikusumbui kiunoni, na ala yake ya plastiki ina tundu la kutolea maji. Mwambie binamu anunue duka la vifaa vya hoteli au la wavuvi, asikuletee jambia la sokoni Mutrah, lile ni la kiunoni mwa bwana harusi. Na akiweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, mkononi watamnyang'anya.

Chenji iliyobaki nunua kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza, mwingine laini wa namba 1000 hivi. Hapa ndipo visu vya watu wengi hufia, wanampelekea mnoa visu wa baiskeli. Simdharau, wapo wanaoijua kazi, lakini jiwe linalozunguka bila maji hupasha makali haraka. Ukiona kwenye makali mstari wa bluu, jua chuma kimefika karibu nyuzi 300 na pale kimelainika, hakitashika tena mpaka usugue upite ule mstari. Kinoe mwenyewe kwa maji. Bapa likiwa na upana wa sentimita 2.5, inua mgongo kama milimita 8 kutoka kwenye jiwe, usogeze kana kwamba unataka kukata kipande chembamba cha kinoo. Ukisikia kikwaruzo chembamba upande wa pili kutoka mwanzo wa bapa hadi ncha, geuza. Malizia kwa kukivuta kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi mara kumi. Siku kinoo kimesahaulika bandarini, pindua kikombe cha udongo: ule mduara wa chini usiong'aa unanoa vizuri tu. Cha Mora usikiinulie mgongo, laza ule mteremko wake mpana wote juu ya jiwe, ulivyo ndivyo unavyonolewa.

Mafunzo ya dini unayajua kuliko mimi, kisu cha kuchinjia kinolewe kikali na kisinolewe mbele ya mnyama. Kinoo kiache nyumbani siku ya kuchinja.

Ukirudi kutoka baharini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hata hicho kisichoshika kutu. Chumvi hutoboa ule utando wa kromiamu kidogo kidogo, vidoadoa vya kahawia vinaanzia karibu na mpini. Ukiviona mapema vinatoka kwa jivu na limau.

Na bapa la kile cha kwanza, kama hujalitupa, lipeleke kwa yule mhunzi wa springi. Akate pale palipovunjika, aache urefu wa vidole vinne, akitie mpini mfupi, na makali yafanywe butu kidogo. Hicho kiwe cha kubandulia chaza mwambani. Ncha ya kisu kipya isifanye kazi hiyo hata siku moja.